Wazikaji wa Bibi

Wiki iliyopita mvua ilitunyeshea Muscat, mvua ya kweli, ile inayojaza mabonde na kuwafanya watu wapige simu wizarani kusema leo hawaji. Mimi sina tena wizara ya kupigia. Nimestaafu, nimekaa zangu kwenye fleti ya Al Khuwair, na mvua kwangu ni starehe mpaka ipitie dirishani. Ilipita. Kasha la Bibi, lile la mbao lenye misumari ya shaba, limekaa chini ya dirisha hilo miaka yote. Nilipolifungua kuangalia kama maji yameingia, nikakuta kanga za juu zimesalimika, ila koti la Baba, jeusi, la sufu, lililokunjwa chini kabisa, limelowa upande mmoja. Nikalivuta, na harufu yake ikanikalisha sakafuni.

Waliopita Uingereza wanaijua. Sufu ikilowa inanuka kondoo, na koti hili linanuka kondoo na moshi wa makaa ya mawe na kahawa kidogo, na hiyo kahawa nitaieleza. Binti yangu alipoingia akanikuta nimekaa chini na koti mapajani, nacheka peke yangu. Akaniuliza kama sijambo. Nikamwambia nimepata wageni, wamekuja na treni ya saa moja u nusu.

Nilikuwa na miaka sita tulipotoka Unguja. Kwa nini tulitoka, wenzangu wa rika langu mnajua, na nyumba nyingi mpaka leo hazipendi kulisema mbele ya chakula. Nchi ya mababu ilikuwa huku, lakini mlango wake wakati ule haukuwa wazi kwetu. Baba aliandika barua, akajibiwa angoje, na kungoja huko kukatupeleka Uingereza, kwenye mtaa mmoja mtulivu nje ya London ambako rafiki yake aliyesoma naye alitutafutia nyumba ya kupanga. Tulikuwa wanne: Baba, Mama, mimi, na Bibi mzaa baba, aliyekuja na kasha hili, dele lake la shaba la kupikia kahawa, na sharti moja. Alilitamka uwanja wa ndege, mbele za watu: atakwenda popote anapokwenda mwanawe, lakini hatokufa mahali asipokuwa na wa kumzika.

Baba alidhani ni maneno ya mtu mzima mwenye huzuni. Mimi niliyekuwa nalala na Bibi kitanda kimoja nilijua ni maneno ya kweli. Kwetu mtu hazikwi na jamaa zake peke yao, anazikwa na mtaa. Jeneza likipita, mwenye duka anaacha mizani, fundi anaacha cherehani, kila mwanamume anatia bega hatua chache kisha anampisha mwengine, wakipokezana hivyo mpaka makaburini, tena kwa haraka, maana maiti hacheleweshwi. Wanawake wanabaki nyumbani na wenye msiba. Bibi alikuwa ameyaona majeneza ya umri mzima yakipita chini ya dirisha lake, na alikuwa na hesabu yake. Wanne wa kubeba, akisema, na wanne wa kupokea, na wengine wa akiba, kwa sababu daima yuko mmoja mwenye mgongo mbovu.

Basi tukafika mtaani. Sijapata kuona tena mahali palipokuwa kimya namna ile. Nyumba zilikuwa pacha, mbili mbili zimegandana, kila pacha na bustani yake kiasi cha jamvi, na ua wa miti uliokatwa sawasawa kwa mkasi. Hapakuwa na baraza hata moja. Hapakuwa na muuzaji anayepita akinadi, wala mtoto anayelia njiani, wala redio ya jirani. Hata mbwa wa kule walibweka mara moja tu, kisha wakatazama kama kuna aliyechukia. Mimi niliupenda mtaa ule siku ya kwanza, na niseme wazi, kwa sababu nilikuwa nimetoka kwenye kelele ambazo mtoto hapaswi kuzisikia. Nililala usiku mzima bila kuota.

Chumba chetu mimi na Bibi kilitazama njia. Bibi akishaswali alfajiri alikuwa akikaa dirishani na tasbihi yake, amejifunika blanketi, mimi nimejibanza ubavuni kwa ajili ya joto. Ilikuwa majira ya baridi na mapambazuko yanachelewa. Asubuhi ya kwanza kabisa, kwenye saa moja na robo, mlango wa nyumba ya mkabala ukafunguka akatoka mwanamume aliyevaa koti jeusi, kofia nyeusi, na mwavuli mweusi mkononi. Mlango wa pili ukafunguka. Na wa tatu. Kila geti likatoa mwanamume wake, wote wamevaa nyeusi, wote kimya, wakaingia njiani mmoja baada ya mwengine, wakashika upande mmoja, wakiteremka kilima kwa hatua za haraka. Hapakuwa na mwanamke hata mmoja.

Tasbihi ikasimama. Bibi akasema inna lillahi, kisha akaniambia kwa sauti ndogo kwamba mtaani pamefiwa.

Asubuhi ya pili wakatoka tena. Ya tatu, tena. Bibi akaanza kuwa na wasiwasi juu ya mji wenyewe, akamwambia Mama asininyweshe maji yasiyochemshwa kwa sababu hapa pana maradhi. Kilichomtia yakini zaidi ni wanawake. Wanaume wakishaondoka mtaa ulibaki mtupu, mapazia yameshushwa, na mara moja moja ungemwona mwanamke akifungua mlango, akichukua chupa ya maziwa kizingitini na kurudi ndani upesi, kichwa amekifunga kitambaa. Bibi hakuhitaji kuelezwa. Wamo edani, akaniambia, wajane watupu, mtaa mzima.

Mtanicheka mkiuliza kwa nini hatukumuuliza Baba. Bibi alimwambia, hakumuuliza. Siku hizo Baba alikuwa hajapata kazi, alilala mpaka saa tatu kisha akaenda kuitafuta, na asubuhi ya nne Bibi alisimama mlangoni mwa chumba chao akamlaumu: watu wanazika, na wewe mwanangu umelala. Baba akafumbua macho, akamtazama. Kisha akageukia ukutani. Miaka mingi baadaye aliniambia alidhani mama yake anazungumzia nyumbani, maana nyumbani wakati ule kweli watu walikuwa wakizika.

Ijumaa Bibi akakata shauri. Mtu hawezi kuishi mtaani asiende kuhani msiba, alisema, kisha siku yake ikifika akataka mtaa uje kwake. Akapika dele la kahawa chungu, akavaa buibui lake, akanipa mimi vikombe vinane vidogo nivibebe kwenye kikapu. Mama alikuwa amelala na homa ya mafua, hakutusikia. Tulivuka njia kwenye nyumba ya mkabala, ambayo Bibi aliichagua kwa sababu mapazia yake siku ile hayakufunguliwa kabisa na chupa ya maziwa ilikuwa bado nje.

Aliyetufungulia alikuwa mama wa makamo, kitambaa kichwani, uso umesawijika, jicho moja amelifumba kwa mwanga. Tulikuja kujua baadaye kwamba alikuwa anaumwa kichwa, na chini ya kitambaa kulikuwa na vigurudumu vya kutia nywele mawimbi. Sisi tulimwona mjane. Bibi akamshika mikono yote miwili, akamwambia kwa Kiswahili kwamba dunia ni njia na sote tu wapitaji, kisha akanikonyeza nitafsiri. Mimi nilikuwa na wiki moja tu ya Kiingereza. Nikatafuta pole, nikakosa, nikasema sori. Yule mama akatoa kichwa nje akaangalia madirisha yake moja moja kuona ni lipi nimelivunja.

Alipoona yote mazima akatukaribisha. Sijui kwa nini. Namuwaza hadi leo, mwanamke wa mtaa ule, ambao mtu angeweza kukaa miaka kumi asijue jina la wa pili yake, anamwona bibi kizee aliyejifunika nguo nyeusi mpaka kichwani na kitoto chenye kikapu, anasema tafadhalini piteni. Bibi akavua viatu mlangoni. Alipofika sebuleni hakukalia kiti, msibani hakukaliwi viti, akaketi kwenye zulia akaegemeza mgongo kwenye kochi. Yule mama alisimama kidogo akitazama viti vyake vitatu vitupu. Halafu naye akashuka, akaketi zuliani, miguu upande mmoja.

Tulikaa hapo alasiri nzima. Mwenye msiba haachwi peke yake, na mwenyeji wetu hakujua namna ya kumwondoa mgeni, kwa hiyo kila upande ulimtii mwenzake. Alikunywa kahawa ya Bibi, akakunja uso, akaongezwa. Juu ya meko kulikuwa na picha ya mwanamume mwenye masharubu madogo. Bibi akaionyesha kwa kidole. Yule mama akaitikia kwa kichwa na kutabasamu kwa unyonge wa kichwa kuuma, na Bibi, aliyeona tabasamu lile ni subira kubwa, akafuta machozi akamwomba Mungu ampe nguvu mwanamke huyu. Akamkanda mabega. Akamkanda na paji la uso kwa mafuta ya karafuu aliyokuwa nayo mfukoni, na kichwa kikatulia, nadhani, kwa sababu yule mama alifumba macho akakaa hivyo muda mrefu bila haya.

Saa kumi na mbili jioni ufunguo ukageuka mlangoni. Akaingia mwanamume wa picha, na masharubu yake, koti jeusi, mwavuli, gazeti kwapani.

Bibi akasema, "Bismillahi rrahmani rrahim," akanivuta nyuma yake.

Yule bwana akamtazama mkewe aliyekaa sakafuni ananukia karafuu, akamtazama Bibi, akanitazama mimi. Kisha akavua kofia. Ilikuwa ni adabu tu ya kwao, lakini Bibi aliona mtu aliyetoka kaburini kuja kumwamkia. Wakati huo huo Mama akagonga mlango, na homa yake, na Baba nyuma yake, walikuwa wamenitafuta hadi kanisani. Baba alichukua dakika tano kueleweshwa na dakika kumi kueleza. Wanaume wale walikuwa wakienda kazini. Chini ya kilima palikuwa na kituo, treni ya saa moja u nusu ikiwapeleka mjini na jioni ikiwarudisha.

"Kila siku?" Bibi akauliza.

"Kila siku, Mama."

"Na wanakwenda vile? Hawasemezani?"

Baba akakubali kwamba hawasemezani. Bibi akatikisa kichwa akasema kwamba basi hakukosea sana. Nao, walipofasiriwa kilichotuleta, yule bwana alikaa chini kwenye kiti akacheka hadi miwani yake ikaingia ukungu. Jina lake alitutajia, nimelisahau, kwa sababu nyumbani kwetu tangu jioni ile hakuitwa ila Marehemu. Marehemu kapita. Marehemu kanunua kofia mpya. Hebu peleka sahani hii kwa Marehemu. Mkewe alikuwa Missis Hilda, ambaye Bibi akamfanya Bi Hilda, na hao walikuwa majirani wetu wa kwanza.

Wengine wangefedheheka na kujifungia. Bibi alifurahi. Alikuwa amekuja na hofu ya kukosa wa kumzika, na sasa kila asubuhi aliletewa mlangoni kwake wanaume kumi na mmoja wenye nguvu, waliokwisha vaa, wanaojua kutembea kwa mstari na kwa haraka. Kilichobaki ni kuwazoesha. Kuanzia Jumatatu ile alisimama getini, shali juu ya buibui, dele mkono mmoja na kikombe mkono wa pili, akamwambia kila anayepita sabahul kheri. Mama aliona haya ya kufa, akawa anatuchungulia nyuma ya pazia. Wanaume waligusa kofia wakaongeza mwendo. Marehemu peke yake alisimama, akapokea kikombe, akakimimina mdomoni, akaungua, akashukuru, akakimbilia treni. Kesho yake alisimama tena.

Waliobaki walichukua majira mawili. Siku moja theluji ilianguka, na baridi ile ikamshinda mmoja mrefu sana niliyemwita Mlingoti, akanyoosha mkono. Baada ya Mlingoti akaja mfupi mwenye mkoba, kisha wakaja wawili pamoja ili wapeane moyo. Hawakuwa na nafasi ya kukaa, treni ile haikumngoja mtu, kwa hiyo wakaanza kutoka majumbani mwao dakika kadhaa mapema. Mtu anayesimama dakika kadhaa getini na kikombe hana budi kumwambia wa pili yake neno. Wakaambiana habari za baridi. Wakaambiana habari za mawaridi yao. Mwenye mkoba na Mlingoti, waliokuwa wakiishi mlango kwa mlango tangu vita viishe, walifahamiana kwetu, na Bi Hilda alimwapia Mama kwamba hajapata kuona jambo hilo.

Kazi yangu ilikuwa kufasiri, kwa sababu skuli niliizoea upesi na Kiingereza kikanikaa. Bibi aliwauliza wote maswali yale yale kwa zamu: mama yako yu hai, mguu wako vipi, mtoto kapasi mtihani. Lakini baina yetu wawili, tukirudi ndani kuosha vikombe, tulikuwa na mazungumzo mengine.

"Wangapi leo?" akiniuliza.

"Wanane, Bibi."

"Wanne wa kubeba, wanne wa kupokea. Bado akiba."

Aliniita mke mwenzangu, kwa utani wa mabibi na wajukuu wao, na mambo ya mume wetu marehemu babu, na ya jeneza lake yeye, aliniambia mimi kabla ya mtu yeyote. Mimi nililichukua jambo hili kwa bidii. Niliwapima mabega yao kwa macho. Nilimwonya kwamba Mlingoti na mwenye mkoba wasiwekwe upande mmoja, jeneza litapinda. Mama alipotusikia siku moja alishtuka, akamkumbusha Bibi kwamba watu hawa si Waislamu. Bibi akamjibu kwamba kuswaliwa ataswaliwa na mwanawe na wenzake wa msikitini, wapo. Yeye anataka wa kumbeba.

"Kubeba hakuna dini, mwanangu," akasema. "Kuna mabega."

Baba alipata kazi ya ukarani wa bima mjini mwanzo wa masika. Mama akamnunulia koti hili jeusi, la mtumba, zito, na asubuhi alipolivaa akashika mwavuli nikaanza kulia. Nilijua ni kazi. Ni mimi mwenyewe niliyewaeleza watoto wenzangu kisa cha Bibi na kukicheka. Lakini nilipomwona Baba anafungua geti aingie kwenye mstari ule mweusi, nilimng'ang'ania pindo, kwa sababu nilikuwa nimeshaona wanaume wakitoka nyumbani asubuhi kwetu Unguja wasirudi. Marehemu akarudi nyuma hatua mbili. Akainama, akaniambia jambo moja tu, kwamba atamrudisha mwenyewe na treni ya saa kumi na mbili kasorobo. Jioni nilisimama dirishani, na wakaja wakipanda kilima, Marehemu mbele, amemshika Baba mkono kama mtoto anayepelekwa kwao. Nilimpenda mzee yule kuanzia hapo kuliko wajomba zangu wengine, na Mungu anisamehe, wapo.

Miaka ikaenda. Niwe mkweli kwamba sikumbuki dhiki, ingawa Mama akisimulia ipo. Nakumbuka harufu ya majani yaliyokatwa Jumapili, na wanaume wale wale wamevaa mashati tu wakiosha magari, wakinipungia sifongo. Nakumbuka Idi ambayo Bi Hilda alikuja na kitambaa kichwani, bila vigurudumu, kwa heshima, akaketi chini kabla hajaambiwa. Akiba ya Bibi ikafika watatu, na jumla yao kumi na mmoja.

Kisha khabari zikaja kutoka Muscat kwamba mambo yamebadilika na mlango umefunguliwa, watu warudi. Baba alilia kwa furaha jikoni. Bibi, aliyeota nchi hii tangu msichana, aliyeijua kwa hadithi za baba yake, alishinda siku mbili dirishani na tasbihi yake. Baba akashindwa kumwelewa. Alimwuliza kama hafurahi kwenda kwa watu wake.

"Nnafurahi," Bibi akasema. "Lakini wa huko sijawanywesha kahawa. Nimekwisha wapata kumi na mmoja, na mimi mtu mzima. Ntaanza tena na nani?"

Baba akacheka, hakujua anachochekea. Mimi nilijua, nikalia na Bibi chumbani.

Asubuhi ya safari teksi haikutokea. Mizigo mingine ilikuwa imetangulia, lilibaki kasha hili, ambalo Bibi alikataa kuliachia, nalo lilijaa vitu vya miaka sita. Baba na koti lake akasimama njiani akitazama saa, akatazama kilima, akatazama kasha. Ilikuwa saa moja na robo. Mageti yakaanza kufunguka.

Marehemu alifika wa kwanza. Akamwuliza Baba, akaelezwa, akanipa mimi mwavuli wake na gazeti, akashika mkono mmoja wa kasha, na Mlingoti akashika wa pili. Wakaliinua. Hatua tatu tu, mkono wa upande wa Mlingoti ukang'oka na misumari yake, kasha likaangukia pembe. Bonyeo lile lipo hadi leo, nimelipapasa juzi. Wanaume wakalizunguka wakashauriana kwa sauti ndogo, kwa desturi yao, kisha wanne wakainama pamoja, wakalipandisha mabegani.

Wakashika njia ya kilima. Wengine waliwafuata nyuma, na Baba, na sisi. Kasha lilikuwa zito, wale wanne hawakufika mbali, mwenye mkoba akasogea akatia bega akampisha mmoja, halafu mwengine akampisha wa pili. Baada ya hatua chache wakabadilishana tena. Hakuna aliyewafundisha. Hata Mlingoti na mwenye mkoba wakaangukia upande mmoja, kasha likapinda, nikapiga kelele kwa Kiingereza wabadilishane, wakabadilishana. Makoti meusi, kofia nyeusi, kimya, kwa haraka. Bi Hilda na wanawake wa mtaa walikuwa wamesimama kwenye mageti yao, hakuna aliyekuja, wakatupungia kutoka huko huko.

Bibi alisimama katikati ya njia. Nilimgeukia nikidhani amechoka. Alikuwa amejiziba mdomo kwa ncha ya buibui, machozi yanamtoka, na mabega yanamtikisika kwa kicheko.

"Mke mwenzangu," akaniambia, "unaona? Nnazikwa, na macho nnayo."

"Naona, Bibi."

"Na aliye mbele ni Marehemu."

Tulikuwa hatujafika nusu ya kilima tuliposikia treni ya saa moja u nusu ikiingia kituoni. Tuliisikia ikisimama. Katika miaka sita sikupata kumwona mmoja wao akiikosa. Niliwahi kumwona Mlingoti akiikimbilia na kiatu kimoja mkononi. Nikawatazama. Mwenye mkoba aliitoa saa yake mfukoni, akaiangalia, akairudisha, akasogea kumpokea aliye mbele yake. Treni ikalia, ikaondoka bila wao, nao wakaendelea kuteremka kwa mwendo ule ule, kasha juu.

Kituoni tukangoja ya pili, sote, kumi na mmoja na sisi wanne. Bibi akatoa dele kwenye kikapu chake, alikuwa ameipika kahawa ile asubuhi kama kawaida kwa sababu hakuna aliyemwambia asipike. Wakanywa wamesimama wakipokezana vikombe vinane. Alimwagia Baba kidogo kwenye koti, na doa halikutoka. Kila mmoja alivua kofia alipomrudishia kikombe, na Bibi akamwambia kila mmoja, kwa Kiswahili, kwamba amesamehewa deni lake, keshambeba. Sikufasiri. Walielewa walichokielewa.

Muscat Bibi alianza tena wiki ile ile tuliyofika, mlangoni, na dele lile lile, na watu wa huku hawakuhitaji majira mawili. Aliishi miaka mingi. Alipokufa, mchana mmoja baada ya swala, sisi wanawake tulibaki ndani kama desturi, nami nikapanda juu nikasimama dirishani mahali pake. Njia ilikuwa imejaa mpaka kona. Walikuwa mamia, wote kimya, wote upande mmoja, kwa haraka, wakipokezana mabega, na wote, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, wamevaa dishidasha, kanzu za huku, nyeupe. Nikatafuta kati yao mwavuli mmoja mweusi, nikijua haupo.

Mama akapanda akanikuta nalia na kucheka pamoja, akaniuliza, jamani, kuna nini.

Nikamwonyesha njia. "Nawaza Bibi angewaona hawa," nikamwambia. "Angesema wanakwenda kazini."